Namna ya kusikiliza moyo wa punda kabla na baada ya kazi

Moyo wa punda aliyepumzika unaweza kuruka pigo moja, na punda akawa mzima kabisa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniletea watu. Mimi ni mtaalamu wa mifugo ngazi ya kata, wilayani Chamwino, na huku kwetu punda ndiye gari: anabeba madumu ya maji, kuni na magunia ya mtama, na wakati wa mavuno anavuta mkokoteni. Mwenye punda akimtegea sikio ubavuni jioni, akasikia pigo, pigo, pigo, kimya, pigo, kesho yake alfajiri yuko mlangoni kwangu.

"Mbukwa, daktari. Moyo wa mnyama wangu unakatika."

"Mbukwa, mzee. Ulimsikiliza akiwa amesimama tu, au ametoka kazini?"

Jibu la swali hilo lina uzito kuliko dawa yoyote niliyo nayo kabatini. Kwa hiyo punda asikilizwe mara tatu: akiwa ametulia, mara tu anapomaliza kazi, na dakika kumi baadaye.

Mara ya kwanza ni asubuhi, kabla hujamtwisha chochote. Simama upande wake wa kushoto, kamba mkononi. Pitisha vidole viwili kwa ndani ya ukingo wa taya la chini, mbele kidogo ya ile nyama nene ya shavu. Kuna mshipa pale unaoteleza chini ya vidole ukiusukuma. Ubane taratibu kwenye mfupa, maana ukibana kwa nguvu unaziba damu na hutasikia kitu. Kidole gumba kiache, kina mapigo yake chenyewe na kitakudanganya.

Mwenye stetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo, aiweke nyuma ya kiwiko cha kushoto, kisha aisukume mbele na juu mpaka iingie kwapani. Mguu huo ukitangulia hatua moja, nafasi inaongezeka. Utasikia du-dup. Hizo sauti mbili ni pigo moja. Wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo huziandika kama mawili, wakaniletea punda wa mapigo 90 ambaye anatafuna majani kwa raha zake.

Hesabu dakika nzima, usihesabu robo ukazidisha kwa nne, kwa sababu kimya kimoja tu kitaharibu hesabu. Punda mzima aliyetulia huwa kati ya 36 na 52 kwa dakika. Farasi yuko chini zaidi, 28 hadi 44. Andika namba ya punda wako kwenye daftari, kwani hiyo yake ndiyo utakayoilinganisha nayo baadaye kuliko ya kitabuni.

Sasa kile kimya. Pigo la moyo huanza na umeme unaozaliwa sehemu ya juu ya moyo, upande wa kulia. Unasambaa kwenye vyumba viwili vya juu, unafika kituo cha katikati, unacheleweshwa kidogo, ndipo unashuka kwa kasi kwenye nyuzi za Purkinje hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Mnyama akiwa ametulia, neva ya vagasi, ile inayoupunguzia moyo kasi, inakipoza kile kituo. Kituo kinafanya kazi kama mlinzi wa geti la mnada wa Msalato siku ambayo ng'ombe ni wachache: anachelewa kufungua, anachelewa zaidi, mara anamwacha mmoja nje, kisha anaendelea kama kawaida. Kwa farasi wenye mazoezi jambo hili ni la kawaida sana, na halina madhara. Ukitega sikio vizuri ndani ya kile kimya unaweza kusikia sauti hafifu, "lu" moja pekee. Hivyo ni vyumba vya juu vimefanya kazi yao, ila umeme haukushuka. Mara ya kwanza kuisikia mtu husisimka.

Cha kufanya ni kumkimbiza kidogo kwa kamba, au kumtembeza haraka kwenye mchanga, dakika chache zinatosha. Msikilize hapo hapo. Kimya kikipotea na mapigo yakaja sawasawa, mpeleke kazini bila wasiwasi.

Kinachokiondoa ni kwamba mwili ukianza kazi huiachia kwanza breki ya vagasi. Kwa farasi, kupanda kutoka thelathini na kitu hadi karibu 110 kunatokana zaidi na breki hiyo kuachiwa. Baada ya hapo adrenalini na neva za kuhamasisha ndizo zinazosukuma, na farasi wa mbio anaweza kufika 220 hadi 240.

Hapo kuna hesabu ambayo mimi hunifurahisha kila nikiifanya. Farasi mwenye mapigo 30 ana sekunde mbili kwa kila pigo. Umeme wa vyumba vya chini kuwaka na kurudi tayari kwa pigo lijalo huchukua takribani nusu sekunde, kwa hiyo muda unabaki tele. Akifika 220, pigo zima lina sekunde 0.27. Ile nusu sekunde haiingii! Lazima chembe za moyo zijiandae upya kwa muda mfupi zaidi, na damu nayo ipate nafasi ya kuingia. Adrenalini husaidia kwa kufanya vijia vya potasiamu kwenye chembe hizo vifunguke kwa nguvu zaidi, potasiamu itoke, umeme utulie mapema. Mazoezi, kwa upande wake, hayaongezi kilele cha mapigo. Yanachofanya ni kwamba kazi ile ile inafanyika kwa mapigo machache, na mnyama anarudi chini upesi.

Ndiyo maana kipimo cha pili kinataka haraka. Mkokoteni ukisimama, hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Ukianza kwanza kushusha madumu na kusalimiana, mapigo yameshashuka na umepima kitu kingine. Kisha mpeleke kivulini, mpe maji, na baada ya dakika kumi pima tena. Kwenye mashindano ya farasi ya masafa marefu, kikomo ambacho kimetumika kwa miaka mingi kabla farasi hajaruhusiwa kuendelea ni mapigo 64. Kwa punda wangu mimi naangalia daftari: akikaribia namba yake ya asubuhi ndani ya nusu saa, sawa. Akibaki juu, safari ya pili haipo, hata kama mwenye mahindi ananuna. Oktoba na Novemba, jua la huku likiwa kali kabla mvua hazijaanza, sina mjadala kabisa juu ya hilo.

Kinachonitia hofu ni mapigo yasiyo na mpango: mawili ya haraka, moja la mbali, matatu, kimya kirefu, na baada ya kumkimbiza fujo ni ile ile au imezidi. Kwa farasi mara nyingi hiyo ni vyumba vya juu kutetemeka badala ya kubana, na ile "lu" hutaisikia tena. Mnyama huyo asitwishwe. Anahitaji kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, na daktari wa mifugo wa kukisoma.

Ukiwa na mashine, waya mmoja uubane kwenye mfereji wa shingo upande wa kulia, mwingine nyuma ya kiwiko cha kushoto, manyoya yakiwa yamelowekwa spiriti. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, kila milimita ni sekunde 0.04. Kwenye mchoro wa kila pigo, wimbi la kwanza la farasi lina nundu mbili mara nyingi, na la mwisho hubadilika umbo mnyama akishtuka tu. Usimwandikie ugonjwa kwa hayo.

Jambo la lishe nalo lina nafasi yake. Jasho la farasi hutoka na sodiamu na potasiamu nyingi, na potasiamu ikipungua umeme unachelewa kutulia. Kati ya hizo mbili, chumvi ya kulamba huleta sodiamu tu. Potasiamu iko kwenye majani, hivyo punda anayefanya kazi kutwa kisha akafungwa usiku kwenye kigingi bila nyasi hana pa kuirudishia.

Ukimpigia daktari, mtajie namba zote tatu, muda uliopima, mzigo aliobeba, na kama kimya kiliondoka baada ya kumkimbiza. Ukiweza, bana simu kwenye kipande cha sikioni cha stetoskopu, rekodi dakika moja, umtumie.