Kuunganisha Land Rover 109 ya Zamani kwa Mpangilio wa Kiwandani

Land Rover iliyofunguliwa yote mara nyingi haikwami kwa kukosa spea. Inakwama kwa kufungwa ovyo. Mwenye gari anataka kuona sura, fundi naye anapachika bodi wiki ya kwanza ili hela itoke, halafu inagundulika bomba la breki la nyuma halijapita. Hapo ndipo kazi ya kufungua upya inapoanza, na bolti za zamani hazipendi kufunguliwa mara mbili.

Kiwandani hawaruhusu hilo. Mwaka 1913 pale Highland Park, Michigan, Ford walianza kuivuta chasisi ya Model T ipite mbele ya mafundi badala ya mafundi kulizunguka gari. Kabla ya hapo kuunganisha chasisi moja kulichukua zaidi ya masaa 12. Mwaka 1914 kazi hiyohiyo ilimalizika kwa dakika 93. Watu husifia ule mnyororo uliovuta, lakini mambo yaliyookoa muda hata gereji ya Kizota, hapa Dodoma, inaweza kuyafanya bila mashine: spea inafika mahali pake kabla ya gari, na hakifungwi chochote kinachomziba mwenzake.

Series III, toleo la Land Rover lililotengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya 1971 na 1985, inaukubali mtindo huu vizuri kwa sababu chasisi inabeba kila kitu, na bodi ni vipande vinavyofungwa kwa bolti juu yake. Maelezo haya ni ya 109 (yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), injini ya lita 2.25, usukani kulia.

Mafungu kabla ya spana

Gawa spea kwenye mafungu sita, kila moja kwenye trei au sanduku lake: springi na ekseli, mabomba na nyaya, injini na giaboksi, ukuta wa mbele na usukani, sakafu na viti, bodi. Sheria ni moja: fungu lisipotimia, hatua yake haianzi. Fungu la springi, kwa mfano, linataka springi 4, U-bolti 8 zenye nati mpya 16, bushi 8 za masikio ya springi na 4 za chasisi, bamba za chini, na shako (vipande vinavyoning'iniza springi kwenye chasisi) na bolti zake zote. Ikikosekana bushi moja, usifunge zilizopo "kwa muda". Kwenye gari la zamani, cha muda ndicho kinachobaki.

Funika kila trei. Upepo wa Dodoma kati ya Julai na Oktoba unapeleka vumbi jekundu hata ndani ya beringi iliyopakwa grisi, na grisi yenye vumbi ni msasa. Habu (vitovu vya magurudumu) na giaboksi zifungwe asubuhi mapema, sakafu ikiwa imemwagiwa maji.

Springi na ekseli

Viwanda vingi vya malori huanza na fremu ikiwa imepinduliwa, ili springi na ekseli zishuke zenyewe mahali pake, kisha fremu inageuzwa kwa winchi. Kama huna chenibloku na boriti ya kuaminika, usiige. Weka chasisi kwenye stendi nne imara, ingiza springi kwanza, halafu sogeza ekseli chini yake kwa jeki ya magurudumu.

Springi hazilingani. Ya upande wa dereva ina mkunjo mkubwa zaidi. Zipange sakafuni mbili mbili uone tofauti kabla ya kufunga, maana ukizibadilisha pande gari litainamia kulia siku zote na utahangaika na shokomzoba ambazo hazina kosa.

Sasa hatua inayoharibiwa kuliko zote. Bushi ya springi ni raba iliyoshikamana na bomba la chuma ndani yake. Bolti ikikazwa, bomba hilo linabanwa lisizunguke, na raba ndiyo inayojipinda springi inapocheza. Ukikaza gari likiwa juu ya stendi, springi zinaning'inia, na raba inabanwa kwenye mkao ambao si wake. Siku gari linaposhuka chini, raba zote zinakuwa zimeshajipinda kabla hata ya safari. Gari linasimama juu kuliko kawaida, linarusha kama punda, na baada ya miezi michache bushi zimechanika. Kwa hiyo pitisha bolti, weka nati, ikaze kwa vidole na robo ya spana tu, kisha ipake alama ya rangi nyeupe. Nyeupe maana yake bado. Ukazaji wa mwisho unafanyika injini ikiwa ndani, gari likiwa limekanyaga matairi yake na limetikiswa mara kadhaa. Ukikaza, paka nyekundu juu ya nyeupe. Fundi mwingine akija kesho hahitaji kuuliza.

Mabomba na nyaya, chasisi ikiwa wazi

Nyaya za taa za nyuma hupita ndani ya chasisi. Kabla hata ya rangi, pitisha waya wa kuvutia na uuache humo. Bila huo utatumia siku nzima kuvua samaki kwenye shimo. Kila tundu liwe na raba yake, la sivyo ukingo wa chuma utakata ganda la waya na fyuzi itaungua kwenye rasta za kwanza.

Kazi ya kujaza breki na kuzitoa upepo ingoje ukuta wa mbele, maana ndio unaobeba pedali, lakini ifanyike kabla ya sakafu. Mpe mtu akanyage na kushikilia, wewe pita na kitambaa kikavu kila maungio. Tumia mafuta ya breki peke yake, DOT 3 au DOT 4. Hata kiasi kidogo cha mafuta ya injini kinavimbisha raba za silinda zote, na dalili yake ni breki zinazoshika bila kuachia.

Injini

Injini na giaboksi ziunganishwe chini, zipande pamoja kabla ya ukuta wa mbele kufungwa. Sahani ya klachi iwekwe katikati kwa shafti ya zamani ya giaboksi. Ikikaa pembeni hata kidogo giaboksi haitaingia. Ikikataa, usiivute kwa bolti. Toa, weka sawa, rudia.

Kwenye injini ya petroli, bolti kubwa za silinda hedi zinakazwa 65 kwa kipimo cha futi-ratili, karibu Nm 88, kwa awamu tatu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Tapeti (nafasi ya valvu) ni milimita 0.25 kwa valvu zote. Njia ya haraka ni hesabu ya 9, yaani namba za valvu mbili zijumlishwe zifike 9: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 1, ya 6 ikifunguka, pima ya 3, na kuendelea. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Kwenye injini ya petroli, ukichanganya waya za plagi utasikia mlipuko kwenye kabureta, na wengi hukimbilia kubadilisha kabureta bure.

Ukuta wa mbele na bodi

Ukuta unaotenganisha injini na kabini ndio unaoamua kama milango itafunga. Funga bolti zake kwa kulegea, ning'iniza milango yote miwili, sogeza ukuta mpaka nafasi ya juu na ya chini zilingane, ndipo ukaze. Anayekaza kwanza huishia kupiga bawaba nyundo.

Sehemu kubwa ya bodi ni aluminiamu. Land Rover ya kwanza ilitoka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu inageuka unga mweupe. Weka raba au rangi nzito kati yake, hata Dodoma ambako mvua ni ya Desemba hadi Aprili tu. Kiangazi kirefu ndicho kinachofanya chasisi iliyozeekea huku iwe nzima kuliko iliyotoka Tanga. Ila fungua na uoshe mikono ya pembeni ya chasisi, maana matope hukaa humo mwaka mzima.

Kujaza na kuwasha

Injini inachukua lita 6.25 na kama 0.85 zaidi kwa filta mpya. Giaboksi lita 1.5, transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) 2.5, difu ya mbele 1.75, ya nyuma aina ya Salisbury 2.5, na kila mpira wa usukani wa mbele (nyumba ya duara inayogeuzia gurudumu) nusu lita. Transfa husahaulika kwa sababu tundu lake ni tofauti na la giaboksi.

Radieta isijazwe maji ya kisima. Mengi ya huku yana chumvi na huacha ukoko unaoziba mirija. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au ya dukani ya betri, pamoja na kuulanti. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hivyo maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Kifuniko cha radieta kilicholegea, ambacho pwani kingevumilika, hapa kitakurudisha kwa kuvutwa.

Pima magurudumu ya mbele: yaingie ndani milimita 1.2 hadi 2.4. Safari ya kwanza iwe fupi, mfano hadi Veyula na kurudi. Ukifika, gusa kila habu kwa kiganja. Habu ya nyuma isiyoshikika kwa joto, wakati breki yake haishiki, ina beringi iliyobanwa. Kuchezacheza kwake kunatakiwa kuwe milimita 0.10 hadi 0.15. Likipoa, rudia tapeti na nati zote 16 za U-bolti. Zitakubali kuzunguka kidogo, hata kama ulizikaza vizuri.