Kuhifadhi Risasi za Ziada Nyumbani katika Mikoa ya Lindi na Mtwara

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu mwenye leseni ya kumiliki bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani, anayeishi katika mikoa yetu ya Kusini na ambaye kabatini mwake kuna risasi nyingi kuliko anazozitumia kwa mwaka. Mara nyingi ziada hiyo haikupangwa. Pakiti moja ilinunuliwa msimu ambao nguruwe pori walifukua mihogo, nyingine ikanunuliwa mwaka uliofuata kabla ya ile ya kwanza kwisha, kisha mabaki ya zote mbili yakamiminwa katika kopo moja la maziwa ya unga. Tangu siku hiyo mwenye nyumba hajui tena ipi ni ya lini, na risasi ambayo mwenyewe haijui ndiyo ninayoiogopa kuliko nyingine zote.

Kabla ya kutafuta sanduku au kufuli, soma leseni yako. Silaha na risasi nchini Tanzania husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kiasi unachoruhusiwa kuwa nacho hakitokani na ukubwa wa kabati lako. Ukihesabu na kukuta umezidisha, nenda kituo cha polisi ukaeleze, wala usisubiri uulizwe. Hali ni hiyo hiyo kwa risasi alizoacha marehemu: mikorosho ya baba hurithiwa, lakini leseni yake hairithiwi, na watoto wanaoendelea kuziweka risasi zake uvunguni mwa kitanda kwa kudhani ni urithi wanamiliki kitu wasichokuwa na ruhusa nacho.

Kazi yenyewe huanza kwa kuchambua. Ifanye mchana, watoto wakiwa hawapo, na bunduki ikiwa imefungiwa mahali pengine, kwa maana risasi na bunduki havipaswi kukutana ndani ya nyumba kwa sababu yoyote ile. Tandika kitambaa cheupe mezani, toa risasi zote, kisha soma namba iliyochapwa kwenye kitako cha kila moja. Namba 12 ziweke upande wake, namba 20 upande wake, na za bunduki nyingine, kama leseni yako inazo, ziweke mbali kabisa na hizo.

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Kadiri namba ya bunduki ya marisau inavyokuwa kubwa ndivyo mtutu unavyokuwa mwembamba, kwa sababu namba hiyo ni hesabu ya zamani ya gololi za madini ya risasi zenye kipenyo cha mtutu ambazo kwa pamoja zinafikia uzito wa ratili moja, yaani takriban gramu 454. Ratili ikigawanywa gololi kumi na mbili, kila moja huwa nene kuliko ikigawanywa gololi ishirini. Kwa hiyo risasi ya namba 20 ikitumbukizwa katika bunduki ya namba 12 haikai mahali pake, bali huteleza mbele na kukwama ndani ya mtutu, ambako jicho haliioni kwa urahisi. Mpigaji akivuta kifyatulio na kusikia kimya, hudhani alisahau kujaza, akaongeza risasi ya namba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Viwanda vingi hutengeneza namba 20 kwa ganda la rangi ya njano kwa ajili ya hatari hii, lakini rangi isikufanye uache kusoma namba. Kama nyumba ina bunduki za namba zote mbili, kila aina iwe na sanduku lake, na kamwe usichanganye mfukoni unapokwenda shambani.

Baada ya kuzitenga, kagua moja moja. Ganda la plastiki lisiwe na ufa wala uvimbe, na mdomo uliokunjwa uwe umefunga sawasawa bila marisau kuvuja. Maganda ya zamani ya karatasi hufyonza unyevu na kuvimba, nayo hayafai kulazimishwa kuingia. Angalia kitako cha shaba ya manjano: weusi mwepesi wa juu juu ni wa kawaida, lakini kutu ya kijani iliyochimba, au kutu iliyozunguka fataki, yaani ile duara ndogo ya katikati, ni sababu ya kutosha kuiweka risasi hiyo kando. Usiipake mafuta ili ing'ae. Mafuta mepesi hupenya pembeni mwa fataki na kuiua, kisha risasi inayoonekana nzuri kuliko zote ndiyo itakayokataa kulipuka.

Baba yangu alikuwa akiweka risasi zake katika stoo ya pembejeo, juu ya mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Aliona mahali hapo ni salama kwa kuwa stoo ilikuwa na kufuli na watoto tulichukia harufu yake. Baada ya misimu miwili vitako vilikuwa vyeusi, vingine vimechimbika, na usiku mmoja risasi ilitoa mlio mdogo wa kufifia badala ya kishindo. Nashukuru alisimama hapo hapo, akafungua bunduki, akatoa ganda na kutazama ndani ya mtutu kabla ya kufanya lolote, kwani kizibo, yaani kile kinachotenganisha baruti na marisau ndani ya ganda, kilikuwa kimekwama humo na risasi ya pili ingeweza kuupasua. Vumbi la salfa hula shaba, hasa penye unyevu, na salfa yenyewe inashika moto. Kwa hiyo stoo ya korosho, ambayo kwetu ndiyo chumba cha kwanza kufikiriwa, ndiyo ya kwanza kukataliwa.

Vivyo hivyo epuka chumba kinachopakana na banda la mbuzi au kuku, na kile chenye mbolea ya urea. Hewa ya amonia hudhoofisha shaba ya manjano mpaka ikapasuka yenyewe bila kupigwa. Waingereza walilibaini jambo hilo nchini India, ambako risasi zilizowekwa katika mazizi ya farasi wakati wa mvua zilikutwa zina nyufa, na kilichozipasua kilikuwa mkojo wa wanyama.

Mahali panapofaa ni chumba cha ndani chenye ubaridi na ukavu, mbali na jiko, petroli ya mashine ya kupulizia na ukuta wa bafu. Darini hapafai, kwa sababu chini ya bati la Oktoba joto hupanda mno mchana na kushuka usiku, na baruti ya kisasa ina kiambato cha kuituliza ambacho huliwa haraka zaidi kadiri joto linavyoongezeka. Sakafuni nako hapafai, maana saruji hupandisha unyevu. Inua sanduku juu ya ubao, angalau kiasi cha shibiri moja. Mvua zetu huja katika msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na anayeishi Mikindani au Kilwa Masoko anaongezewa upepo wa chumvi. Weka ndani ya sanduku vifuko vya silika jeli, vile vya kufyonza unyevu, na uvibadilishe mvua zinapoanza na zinapokatika.

Risasi zibaki katika pakiti zake za awali, kwa kuwa pakiti ndiyo yenye aina, ukubwa wa marisau na namba ya toleo. Sanduku liwe la kufungwa kwa kufuli, na ufunguo wake usiwe pamoja na ule wa bunduki. Pakiti ya risasi 25 za namba 12 ina uzito unaozidi kilo moja, basi usirundike nyingi juu ya rafu nyepesi. Pia liwe sanduku unaloweza kulibeba peke yako: kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichoacha barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam imekatika Kilwa, kilitukumbusha kuwa maji yanaweza kumfuata mtu hadi chumbani.

Juu ya kila pakiti andika kwa kalamu ya wino usiofutika tarehe uliyoinunua. Mpya ziingie nyuma, za zamani zitoke mbele. Kuwe na daftari dogo lenye safu za tarehe, aina, zilizoingia, zilizotumika na zilizobaki. Siku ya kuhuisha leseni hutahitaji kukumbuka kitu.

Risasi ulizozikataa usizifukie, usizichome, usizitupe chooni wala kisimani, na usizifungue ili utoe baruti. Ikilipuka nje ya mtutu, risasi hairuki kama iliyofyatuliwa, lakini ganda na fataki hutawanyika kwa nguvu ya kutoboa jicho. Zitie katika kopo lenye alama, zifungie, kisha piga simu kituo cha polisi uulize namna ya kuzipeleka kabla hujaondoka nazo nyumbani.

Kuna ziada nyingine ambayo haikununuliwa na yeyote kati yetu. Ardhi hii ilipiganiwa. Vita ya Mahiwa ya Oktoba 1917, kati ya jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck na Waingereza, ilipiganwa humu humu mkoani Lindi. Jembe likigonga risasi kuukuu au chuma chenye umbo la bomu, usikiokote kwa ajili ya kupima kama ni kizima, wala usimruhusu mtoto akipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Simamisha kazi, rudi kwa njia uliyojia, weka alama inayoonekana ukiwa mbali, zuia watu wasisogee, na umjulishe mwenyekiti wa kijiji na polisi siku hiyo hiyo.