Hilux ya zamani ya dizeli: utengeneze tena au uachane nayo?

Fundi akisema "tushushe injini", mwambie asubiri. Kwenye Hilux za zamani zenye injini ya 2L, 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), injini ndiyo kitu rahisi kubadili: zilizotumika zinapatikana, spea zake zipo Kariakoo mpaka mikoani, na mafundi wanaozijua ni wengi. Kinachozimaliza pikapu hizi ni chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ndiyo maana ukaguzi unaanzia chini.

Inyanyue juu ya stendi, si jeki peke yake. Osha matope, kisha gonga chesi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti butu, na bisibisi ikisukumwa inazama. Kazia macho pale chesi inapopanda kupita juu ya difu la nyuma, kwenye vishikio vya springi, na lilipofungwa boksi la usukani. Gari lililokaa Tanga au Mombasa huliwa kuanzia ndani, kwa sababu matope yenye chumvi hutuama humo, na rangi mpya ya nje isikudanganye. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri hakina neno. Viraka juu ya viraka, au ufa karibu na boksi la usukani, hapo usiongeze hata shilingi: uza kama spea.

Chesi ikiwa nzima, pima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kukandamiza hewa, kabla ya kufungua chochote. Injini iwe ya moto, betri imejaa, hita plagi zote nne (zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha) zimetolewa, na waya wa swichi ya kukata dizeli kwenye pampu umechomolewa. Tumia geji ya dizeli. Ya petroli haifiki huko. Injini nzuri inasoma kilo 32 hivi kwa sentimita ya mraba. Kikomo cha chini ni 20, na silinda zisipishane zaidi ya 5. Ukipata 26, 25, 27, 25, usikubali ovahol, yaani kufumua na kufufua injini nzima, hata kama gari linatoa moshi. Zote zikiwa chini ya 20, injini imechoka kweli. Moja ikisoma 14 na nyingine zikisoma 27, tatizo ni la silinda hiyo: valvu, gasketi au ringi.

Moshi nao unasema. Mweupe asubuhi unaokatika injini ikipata moto, anza na hita plagi. Mweusi ukikanyaga mafuta, kagua filta ya hewa na upeleke nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya silinda) zikapimwe. Wa buluu ni oili inayoungua. Ili kujua nozeli au silinda iliyolala, legeza nati ya paipu ya kila nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ile isiyobadili mlio ndiyo mbovu. Vaa glavu na miwani, maana dizeli yenye presha inapenya ngozi.

Gharama nyingi za kujitakia zinatokea kwenye silinda hedi, kipande cha juu cha injini kinachobeba valvu. Gari likichemsha na mapovu yakaonekana kwenye rejeta, watu hubadili gasketi wakaishia hapo, na baada ya muda mfupi hali inarudi. Hedi ikishavuliwa, ipelekwe ikapimwe nyufa kwa presha, hasa kati ya valvu ya kuingiza na ya kutoa. Iwekewe rula ya chuma na filagheji (vibamba vyembamba vya kupimia upenyo) kuona kama imepinda. Halafu kuna gasketi yenyewe: zipo za alama B, D na F, zinazopishana unene kwa sehemu ya kumi ya milimita. Anayechagua ni pistoni: inapimwa imechomoza kiasi gani juu ya bloku. Nyembamba mno, pistoni inaweza kugonga valvu. Nene mno, gari linasumbua kuwaka asubuhi. Fundi asiyeuliza alama ya gasketi ya zamani, mtafute mwingine. Na usisahau kilichosababisha kuchemsha: rejeta iliyoziba, wota pampu au feni klachi.

Sasa hesabu. Fedha uliyokwisha kuitumia isiingie humo. Andika matengenezo yote ya miezi 24 ijayo, pamoja na tairi, klachi na springi, si ya leo tu. Tuseme ni milioni 5, pikapu ilivyo inauzika milioni 7, na ikitengenezwa inafika 11. Kwa kuuza, kutengeneza ni hasara ya milioni moja. Kwa kubaki nayo miaka miwili, hizo milioni 5 ni kama 208,000 kwa mwezi. Ya kuichukulia nafasi ikiwa milioni 28, unaongeza 21, na zile mpya zaidi za komoni reli (mfumo wa dizeli ya presha kubwa) hazivumilii dizeli chafu kama hizi za zamani. Lakini kama inakuangusha njiani ukiwa na mzigo wa wateja, ongeza thamani ya siku hizo. Mara nyingi ndizo zinazogeuza jibu.

Krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) iliyokwisha kuchongwa mpaka saizi ya mwisho, au bloku yenye ufa, usiifufue: tafuta injini nyingine, na namba yake iandikishwe TRA ili ilingane na kadi.

Ukibaki nayo, kazi ya kwanza ni taiming belti, mkanda unaounganisha krenki na kemshafti inayofungua valvu, pamoja na beringi yake ya kukazia, ukiwa hujui ilibadilishwa lini. Muda wake ni kilomita 100,000, na ikikatika barabarani valvu zinakutana na pistoni. Ukishafungua upande huo, badilisha na sili za oili za krenki na kemshafti kwa mkupuo mmoja, kwani oili ikivuja juu ya belti mpya inaiharibu kabla ya wakati.