Oveni ikizimika katikati ya kuoka, usikimbilie kubadilisha swichi ya joto

Mafundi wenzangu mnaohudumia bekari za Nairobi, nawaomba sana jambo hili. Oveni ya feni ikikata yenyewe, wengi wetu hulaumu ile swichi ya kinga inayozuia joto kupita kiasi. Mara nyingi swichi hiyo iko sawa kabisa na imefanya kazi yake.

Zima umeme kwenye swichi kuu, hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, acha oveni ipoe. Chomoa waya mmoja wa swichi, kisha weka mita kwenye omu, yaani kupima ukinzani. Ikiwa baridi, swichi nzima husoma karibu na 0. Mita isiposoma chochote, yaani njia imekatika (si 0), tafuta kitufe kidogo, mara nyingi chekundu, ukibonyeze hadi usikie "tak", upime tena. Bado kimya? Hapo ndipo ununue nyingine, yenye kiwango kilekile cha joto kilichoandikwa juu yake.

Lakini ikiwa swichi imerudi kusoma karibu na 0, uliza kwa nini ilikata. Juzi Kariobangi nilifungua feni nikakuta mapanga yameganda unga na mafuta, unene wa kidole. Hewa haizunguki, joto linarundikana mahali pamoja. Nilikwangua, nikaosha, ikaoka hadi usiku. Kama feni ni safi, kagua themostati (inayodhibiti joto) na kontakta (swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye hita), huenda moja imeng'ang'ania bila kukata.

Na tafadhali, msiunganishe waya kuipita swichi hiyo eti mkate utoke. Kuna watu wanasimama mbele ya mlango huo tangu alfajiri.