Kuomba digrii ya mazingira bachela na masta kwa mkupuo mmoja, ukiwa Pemba

Assalamu alaykum jamani. Toka watu wasikie nimepata chuo Uingereza, kozi ya sayansi ya mazingira, simu haitulii, kila mtu "vipi ulifanyaje", basi naandika mara moja hapa niepukane na voisi noti.

Kwanza jua unachoomba. Kozi hizi utaziona zimeandikwa MEnvSci au MSci, siyo BSc ambayo ni bachela peke yake. England ni miaka 4, Scotland mitano, unaingia na fomu siksi yako (mie nilisoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia) na unatoka na masta. Cheti ni kimoja tu mwishoni, hakuna cha bachela halafu cha masta. Shika hilo, maana ndo lililonitafunia miezi miwili.

Kujaza UCAS, yaani fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vya Uingereza, ni kazi ya jioni moja kama intaneti ya Chake haijakata. Una nafasi 5, maelezo yako yanakwenda yale yale kwa vyuo vyote, mwalimu wa skuli anakuandikia refarensi, dedilaini kubwa ni Januari kwa masomo ya Septemba. Usichague BSc kwa kufikiri utahamia huko huko. Vyuo vingi vinaruhusu kuhama ukiwa na maksi nzuri, lakini viza yako itakuwa ya miaka 3 na kuiongeza unalipa upya.

Penye surname usibabaike, sisi hatuna surname, tuna babu. Andika kama paspoti ilivyo. Na kama cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis na cha fomu foo kinasema Hamisi, nenda kwa wakili ukale kiapo kwanza kabla hujagusa kitu chengine chochote.

Sasa ufadhili. Nilipoombea mie, mfumo wa maombi wa wafadhili una kiboksi cha Shahada ya Kwanza na kiboksi cha Shahada ya Uzamili, basi. Nikachagua uzamili, si nachukua masta? Ukanidai cheti cha digrii ya kwanza. Nikafunga safari mpaka ofisini kwa hao wafadhili, foleni toka saa moja asubuhi, saa tano nikafika dirishani.

"Kijana, unataka ya kwanza au ya pili?"

"Zote mama, ziko pamoja."

"Mfumo haujui pamoja."

Nikarudi nikachagua ya kwanza, ukakubali vizuri, nikashukuru Mungu, kumbe umenihesabia miaka 3 na ule wa nne, wenyewe wa masta, hauna mlipaji. Nimekwenda pale mara nne. Mara ya tatu nikaambiwa anaeshughulikia yuko semina, ya nne nikamkuta, akaniambia nilete uthibitisho kwamba kozi ya namna hiyo ipo duniani.

Dawa yake ilikuwa imeili moja. Waandikie watu wa udahili wa chuo chako uombe barua yenye nembo, iseme haya: kozi ni moja isiyogawanyika, inaanza tarehe fulani inaisha tarehe fulani, anaingia mtu aliemaliza sekondari na hahitajiki kuwa na digrii, cheti cha mwisho ni masta, na ada ya kila mwaka mpaka wa nne. Mie walinijibu siku ya pili. Siku ya pili wallahi, na mie nshamaliza nauli! Kisha chagua Shahada ya Kwanza, bandika barua, na ile kopi yako wagonge muhuri wa kupokea mbele ya macho yako. Usiondoke na "tutakupigia".

Kama anaelipa ni mzee wako, viza ina sharti la siku 28. Pesa za ada na za kuishi zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiwango wanachotaka, na statement isiwe imepitwa na siku 31 siku unayoomba viza. Mzee wangu aliweka pesa za karafuu za kujazia pengo, siku ya 19 ukatokea msiba Wete, akatoa laki tatu. Huwezi kumlaumu mtu kwa msiba. Tukaanza kuhesabu moja. Kwa hiyo weka na ziada kidogo juu.

Kipimo cha TB kwa viza ya Uingereza ni Dar, na alama za vidole nazo Dar, yaani boti ya Mkoani mpaka bandari ya Malindi Unguja, halafu boti nyengine tena. Panga hizo siku zikaribiane ulale kwa jamaa mara moja umalize. Cheti cha TB maisha yake miezi 6 tu, mie nikakimbilia kupima Januari nikijiona mjanja, viza naomba Agosti kimeshakufa, nikapigwa eksirei ya pili na nauli juu yangu.