SOMO: Picha saizi gani, fremu ipi? Soma kabla hujaprinti

Wakuu habari zenu. Nafanya kazi ya kutoa picha na kutengeneza fremu hapa Dar, na kitu kinachoniumiza ni kuona mtu kaja na picha ya harusi au ya mzazi wake imekatwa utosi, kisa alinunua fremu kwanza ndo akaenda kuprinti ili ienee humo. Naombeni mgeuze: umbo la picha kwanza, saizi ifuate, fremu iwe ya mwisho.

Hatua ya 1: Jua umbo la picha
Simu nyingi zinapiga picha ya 4:3, yani upande mrefu ukiwa 4 mfupi unakuwa 3. Kamera za wapigapicha wa harusi nyingi ni 3:2. Hapo ndo kila kitu kinapoamuliwa. Ya 3:2 inatoka nzima kwenye 4x6, 8x12, 12x18, 16x24 na 20x30, zote inchi. Ya simu inatoka nzima kwenye 6x8, 9x12, 12x16 na 18x24. Ukiilazimisha picha ya simu kwenye 4x6 nusu inchi inaondoka, sasa kama ni picha ya ukoo mmejipanga mstari na imepigwa kwa kusimama basi wa pembeni kabisa anabaki na nusu bega. Saizi inayokata watu sana ni 8x10, maana picha ya harusi iliyotakiwa kuwa 8x12 inapunguzwa inchi 2 nzima, gauni la bi harusi lote la chini linaenda na maji. Kama huna namna, mwambie anayeprinti asiikuze ijaze karatasi, aache nyeupe pembeni.

Hatua ya 2: Angalia pikseli
Fungua picha kwenye simu, nenda kwenye taarifa zake, utaona kitu kama 4000x3000, hizo ndo pikseli, vitone vidogo vinavyounda picha. Chukua namba kubwa, gawa kwa 300 kama picha ni ya albamu au ya kushika mkononi, gawa kwa 150 kama ni ya ukutani. Hiyo 4000 inakupa inchi 13 za albamu au 26 za ukutani, inatosha sana. Shida ni picha ya WhatsApp, ikitumwa kawaida inabanwa inabaki na pikseli kama 1600 hivi upande mrefu, kwahiyo ukutani mwisho ni inchi 10. Muombe aliyenayo aitume kama dokyumenti, hapo inakuja bila kubanwa. Skrinishoti ya status achana nayo kabisa.

Hatua ya 3: Usichanganye A4 na 8x12
Hapa pana kesi nyingi. Steshenari wanatoa A4 kwa sababu printa na karatasi zao ni za A4, studio na maabara za picha wanatoa kwa inchi. Ukiziona kwa macho unasema ni kitu kimoja. A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, 8x12 ni 20.3 kwa 30.5. Yani 8x12 ni ndefu kwa milimita 8 alafu nyembamba kwa milimita 7, ukiiweka kwenye fremu ya A4 haizami, na watu wanachofanya ni kuisukuma mpaka inapinda katikati, baada ya mwezi mnaona wimbi usoni kwa marehemu babu. Kwahiyo uliza mapema, fremu ni ya A4 au ya inchi? Vivyo hivyo A3 sio 12x18 na wala sio 12x16.

Hatua ya 4: Pima fremu kwa nyuma
Usipime nje, urembo wa mbao unadanganya. Geuza fremu, toa hadibodi, pima kioo. Hiyo ndo saizi yake. Alafu kumbuka ule ukingo wa mbele unaoshika kioo unafunika karibu nusu sentimita kila upande, kwahiyo maandishi, tarehe au kidole cha mtu visikae ukingoni mwa picha.

Hatua ya 5: Picha isiguse kioo
Kwa sisi wa pwani hili ni la lazima, iwe Dar, Tanga, Mombasa au Unguja. Unyevu unaigandisha picha kwenye kioo, siku ukitaka kuitoa inabanduka na rangi. Mwambie fundi akuwekee kadi ya pembeni iliyokatwa dirisha katikati, ile inaacha nafasi, na picha inapendeza zaidi. Ukiweka kadi basi fremu inakuwa kubwa kuliko picha: 8x12 yenye kadi ya inchi 2 kila upande inataka fremu ya 12x16. Na ukuta unaopigwa na jua la moja kwa moja usitundike.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu shukrani kwa darasa. Tuna msiba, picha pekee ya marehemu ni ya kundi la watu, kichwa chake kidogo. Tunaitaka A3 kesho asubuhi.
Jibu: Poleni sana ndugu yangu. Kwanza mtafuteni aliyepiga awape ile halisi. Kata kichwa na mabega, angalia zimebaki pikseli ngapi. Zikibaki 900 upande mrefu gawa kwa 150, unapata inchi 6. Toeni ndogo, 4x6 mwisho, iwekeni katikati ya fremu kubwa yenye kadi pana nyeupe. Itaonekana ya heshima, na sura yake itabaki sura yake. Mkiikuza A3 watu watakaokuja kuaga wataona ukungu tu.

Swali: Nina picha za studio za wazazi, nyeusi na nyeupe, za mraba. Fremu za mraba sizipati, nizikate?
Jibu: Usikate dada, tafadhali. Zile nyingi zilipigwa kwa kamera za filamu ya 6x6 (hapo ni sentimita), ndo maana zina umbo hilo. Chukua fremu yoyote ya kawaida, fundi akate kadi yenye dirisha la mraba dogo kidogo kuliko picha. Na kabla ya yote ziskani, utundike nakala, zile za asili ziweke kwenye bahasha mahali pakavu. Zisigundishwe kwa gamu.

Swali: Niko Ujerumani, fremu za huku ni za sentimita, nimeletewa picha za inchi kutoka Mombasa. Zitaingia?
Jibu: 4x6 inaingia kwenye 10x15 ukipunguza milimita chache. 5x7 inaingia kwenye 13x18 bila kugusa kitu. 12x16 kwa fremu ya 30x40 inazidi nusu sentimita, inapunguzwa kwa rula na kisu kikali, sio mkasi. 8x12 kwa 20x30 nayo punguza kidogo.

Swali: Nimeshanunua fremu sita za 8x10 za kuweka sebuleni, picha zote za simu. Nizirudishe?
Jibu: Usirudishe. Zitoe 6x8, weka kadi ya inchi 1 kila upande, inakuja 8x10 kamili na hakuna anayekatwa.