Mji mpya juu ya maweni: anza na njia ya maji

Sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya Unguja ni maweni, yaani jiwe la tumbawe lenye udongo wa kina cha kiganja, pengine hata huo haupo. Jiwe hilo lina nyufa na mapango. Mvua inazama humo, maji machafu ya karo (shimo la choo) nayo yanazama humo humo, na chini yake ndiko kisima kinakochota. Kwa hiyo atakayepanga mji mpya huku aanze na maji. Barabara na nyumba zitafuata.

Kabla hata ya kupima, malizeni suala la haki. Ardhi ya Zanzibar ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 na mtu hupewa haki ya kuitumia, lakini minazi au mikarafuu iliyo juu yake inaweza kuwa ya mtu mwengine kabisa. Kaeni na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na wazee, andikeni miti kwa idadi na kwa wenyewe, pamoja na makaburi, visima vya zamani na njia za kwendea pwani. Kitakachoachwa nje ya ramani kitarudi kama mgogoro wakati matingatinga yameshaingia.

Chora kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, za kila nusu mita. Halafu rudi eneo lile wakati wa masika, siku ya mvua kubwa, uweke alama pale maji yanapotuama, kwa sababu ramani iliyopimwa kiangazi inaonesha ardhi tu. Kama eneo linagusa pwani, weka alama pia pale bamvua kubwa (maji makuu ya bahari) linapofika. Bonde la asili usilijaze kifusi. Anayeijua Mwanakwerekwe au Sebleni, mitaa ya mjini Unguja inayojaa maji wakati wa mvua, hahitaji kuelezwa: maji hayasahau mahali pake, na yakizuiwa yanaingia kwa jirani.

Sasa hesabu. Watu 5,000, watano kwa nyumba, ni nyumba 1,000. Katika kila hekta toa asilimia 30 ya barabara na mitaro, na asilimia 15 ya skuli, msikiti na viwanja vya wazi. Zinabaki mita za mraba 5,500, ambazo kwa viwanja vya mita 15 kwa 20 zinatoa nyumba 18. Mji mzima unataka hekta 56, mraba wa karibu mita 750 kila upande. Ukiweka soko, msikiti, skuli na kituo cha daladala katikati, wengi wanafika kwa miguu kwa dakika tano hadi saba. Viwanja vya mita za mraba 600 vinapendwa na wauzaji, lakini vinahitaji eneo mara mbili, na kila mita ya bomba na lami italipiwa na watu nusu ya wale.

Mvua ya milimita 100 kwa saa, ikiangukia hekta moja yenye mapaa na lami ya kutosha kufanya asilimia 70 ya maji yatiririke, inaleta karibu lita 194 kwa sekunde. Mtaro wa zege wenye upana wa nusu mita na maji kina cha nusu mita, ukishuka mita moja kila mita 200, unabeba karibu lita 350 kwa sekunde. Haufiki hata kukidhi hekta mbili. Mitaro mingi inayofurika ilichorwa kwa kukisia, kisha ikajaa mchanga na mifuko. Afadhali maji yapumzishwe njiani: mvua ya milimita 60 juu ya hekta 56, kwa asilimia 70 ile ile, inaacha takriban mita za ujazo 23,500, zinazoingia kwenye bwawa la kina cha mita moja na ukubwa wa kasoro kidogo hekta mbili na nusu. Bwawa hilo liwe lile bonde ulilolitia alama. Kiangazi watoto watacheza mpira humo.

Maji tamu ya chini yanaelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni, kila mita moja ya maji tamu juu ya usawa wa bahari inabeba karibu mita 40 chini yake, na ukiyashusha maji ya kisima nusu mita kwa kuvuta, chumvi inaweza kupanda hadi mita 20. Kwa hiyo chimba visima vingi vidogo vilivyotawanyika, kila kimoja kikivutwa taratibu. Paa la mita za mraba 100, mvua ya mwaka ikiwa milimita 1,500 na upotevu asilimia 20, linatoa lita 120,000. Lakini familia ya watu watano inayotumia lita 500 kwa siku inalimaliza tangi la lita 10,000 kwa siku 20. Paa linakipunguzia kisima mzigo, halikiondoi.

Karo la kila nyumba lenye shimo la kunyonya ndilo kosa kubwa zaidi kwenye maweni, maana uchafu hauchujwi na udongo, unapita ufa kwa ufa hadi kisimani. Weka mabomba ya pamoja yanayofuata mteremko hadi kwenye bwawa la mimea inayosafisha maji machafu, mbali na visima na upande wa chini yake. Mtaro wa bomba katika jiwe ni ghali, hivyo pangilia mitaa ifuate mteremko uliopo.

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Dirisha ambalo ukingo wake wa chini uko mita 1.6 chini ya paa linahitaji kivuli cha sentimita 90 upande wa kaskazini, kwa jua la mchana la Juni, na sentimita 50 upande wa kusini kwa lile la Disemba. Pindisha mitaa kidogo, kiasi cha digrii 30 kutoka mwelekeo wa pepo za kaskazi na kusi, ili upepo uingie nyumbani badala ya kupita barabarani tu. Acha nafasi ya baraza mbele ya kila mlango. Mtaa usiokuwa na baraza hauna watu wa kuutazama.

Mpangilio wa ujenzi: panda miti kwanza, chimba mitaro na bwawa, laza mabomba ya maji na ya uchafu, kisha nyaya. Lami iwe ya mwisho, na kabla ya kuimwaga pitisha mabomba matupu ya akiba chini ya barabara kila mita 50, yazibwe ncha zote mbili na yatiwe alama kwenye ramani.